Mzee Mnofu na Ubavu wa Mwisho

Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mpanga madaraja mkuu wa machinjio yetu ya nguruwe atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari ambao amewakataza watu wote kuutumia, na kustaafu. Uongozi umeniomba mimi, mgonga mihuri, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, kwa kuwa nimefanya kazi pembeni yake karibu muda wote huo. Nimeelekezwa niandike mazuri yake, tena kwa ufupi. Kwa mazuri yake, ufupi hautanisumbua.

Kwa faida ya ndugu zetu wa idara ya hesabu, ambao hawajawahi kuvuka lile pazia la plastiki wakaja kuona mishahara yao inatoka wapi, nieleze kazi yenyewe. Nguruwe akishachinjwa, akamwagiwa maji ya moto, akaparuliwa manyoya na kupasuliwa katikati, hutundikwa kwa miguu ya nyuma kwenye reli ya juu na kusukumwa hadi kwa Mzee Mnofu. Yeye hukadiria mnofu ni kiasi gani na mafuta ni kiasi gani. Mnofu ukiwa mwingi, ni daraja la kwanza. Mafuta yakizidi, ni la pili. Yakizidi zaidi, ni la tatu, na mfugaji huenda nyumbani bila kuaga. Yeye hutamka, mimi nagonga muhuri kwenye ngozi. Ni kazi ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifanya huku anapiga soga. Mzee Mnofu aliifanya kama jaji wa rufaa, ila majaji wenyewe aliwaonea shaka kwa sababu hawana rula.

Jina la Mzee Mnofu tulimpa sisi, naye hakulikataa. Mwenyewe ni mwembamba kiasi kwamba suruali yake inashikiliwa na mkanda na imani. Rula yake ya chuma ilining'inia shingoni kwa kamba tangu siku ya kwanza. Aliiweka nyongani, pale ambapo mafuta huwa membamba juu ya msuli, akakunja uso, akasoma milimita, akatamka. Mfugaji akibisha, alipima mara ya pili, polepole zaidi, ili uchungu uingie vizuri.

Nje ya ukuta wetu, ukitaja mzoga watu huziba pua. Hapa kwetu mzoga ni msafi kuliko sahani za kantini, na Mzee Mnofu alilitamka neno hilo kwa upole wa baba wa harusi. Tatizo ni kwamba alilitamka hivyo hivyo harusini. Siku mpwa wake alipooa, aliwaeleza wakwe wapya, chakula kikiwa mezani, kwamba mikononi mwake hupita mizoga mia mbili kwa siku na yote huitaja kwa heshima. Wakwe waliweka vijiko chini. Mkewe alimvuta koti, naye akadhani anaulizwa kuhusu sisi wengine, akaanza kueleza kazi ya muhuri.

Mafanikio yake ni mengi. Alifundisha vijana tisa kazi hii, na saba kati yao waliomba uhamisho kwa hiari. Alipunguza malalamiko ya wafugaji kwa njia rahisi ya kutoyasikiliza. Meneja mmoja, ambaye hayupo tena na ndiyo maana namtaja, alitoa hotuba ya kutwa nzima kuhusu mwelekeo wa kampuni, kisha akafanya kosa la kumwuliza Mzee Mnofu ameionaje. Mzee alifikiri kwa dhati, maana hajui kujibu bila kufikiri, akasema: "Mnofu asilimia ishirini, bosi. Iliyobaki ingeondolewa kwa kisu." Mwaka huo hakupandishwa cheo. Anashangaa mpaka leo.

Na hapa ndipo niingie kwenye neno lililomponza.

Watu wote wanaozungumza Kiswahili wanajua kwamba kunona ni sifa. Mnyama akinona, mwenyewe anatembea kifua mbele. Jirani akipita bandani akasema "Hee, wamenona hawa!", amemwombea mfugaji heri. Kwa Mzee Mnofu, kunona ni kosa lenye adhabu. Mfugaji akimwambia kwa tabasamu, "Mzee, wangu wamenona," yeye hujibu, "Pole sana." Sijui ni wangapi walioondoka hapa wakijiuliza wamefiwa na nani.

Mmoja kati ya watu waliolipenda neno hilo ni binti yake. Mzee ana mtoto mmoja tu, binti huyo, na kichwa chake kigumu binti hakukiokota njiani. Alipoolewa, aliamua kufuga nguruwe. Alijenga mabanda ya saruji nyuma ya nyumba, akawalisha pumba, mashudu na makombo kwa mikono yake, akawajua mmoja mmoja kwa tabia. Majirani walipita, wakasifu. Wamenona, wamenona. Akaamini, kama ambavyo mtu yeyote angeamini. Siku ya kuwaleta machinjioni alichagua kuja kwetu, akapita machinjio mawili yaliyo karibu naye zaidi. Mcheza kwao hutunzwa, alisema.

Alitunzwa daraja la tatu, wote wanane.

Mzee angeweza kumpisha msaidizi wake awapime. Nilimwambia hivyo. Akaniambia watu watasema anamkwepa mtoto wake kwa sababu anaogopa kumpendelea. Nikamwambia watu hawana muda huo. Basi akawapima mwenyewe, mbele ya wafugaji wengine, kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida, ili kila mtu asikie jinsi asivyopendelea. Binti alisimama pale kwenye mstari wa njano ambao wageni hawauvuki, koti la wageni limemzidi mikono. Alisema, "Baba, watu wote wanasema wamenona." Baba akajibu, "Ndiyo, mwanangu. Na mimi ndicho ninachosema."

Tulicheka. Lazima niseme tulicheka, kwa sababu ilichekesha kwa yeyote ambaye hakuwa na nguruwe kwenye reli. Binti hakucheka. Alivua lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza yangu na kuondoka. Kuanzia siku hiyo akipiga simu nyumbani na baba akapokea, alisalimia, shikamoo, marahaba, kisha akasema, "Naomba mama." Akaacha kuja. Sikukuu zikaja zikapita, na mkewe Mzee Mnofu akawa anasafiri peke yake na kurudi na salamu ambazo hazikuwa za mumewe. Mzee alitangaza kwamba haki haina mtoto. Aliitangaza mara nyingi mno, hasa wakati wa chai, kwa watu ambao hawakuwa wamemuuliza.

Sasa niwaambie habari ya ubavu. Nimeombwa na uongozi nisiiseme hii. Nami siisemi, naiandika.

Miezi michache kabla binti hajaleta nguruwe wake, kampuni ilikuwa imenunua kipimio kipya. Kinafanana na bastola, na bastola ndilo jina tulilokipa. Unaichoma sindano yake mgongoni mwa mzoga, taa inawaka, na namba zinatokea zenyewe: unene wa mafuta, unene wa msuli, asilimia ya mnofu. Mzee Mnofu aliipokea bastola kama mtu anavyompokea mke mwenza. Rula ya nyongani ikapigwa marufuku. Pamoja na bastola ilikuja karatasi moja ya maelekezo, yenye mchoro wa nguruwe aliyesimama kwa miguu yake minne akitabasamu, na maneno haya: chomea kwenye ubavu wa mwisho.

Uongozi ulipanga mafunzo ya siku mbili. Mzee Mnofu alikataa kwenda. Alisema hajaanza kuhesabu mbavu jana. Hilo lilikuwa kweli kabisa, kwani alikuwa hajawahi kuzihesabu kamwe. Rula yake ilikuwa ya nyongani, na nyonga haina mbavu.

Basi akafanya kama ambavyo ningefanya mimi, na wewe, na mtu yeyote anayesoma chochote kutoka juu kwenda chini. Mzoga umetundikwa kwa miguu ya nyuma. Ukianza juu, unahesabu ubavu wa kwanza, wa pili, wa tatu, unateremka mpaka chini kabisa, karibu na shingo, na pale ndipo mwisho. Akachoma pale. Tatizo ni kwamba nguruwe huyo amening'inia kichwa chini. Ubavu wa chini kabisa ndio ubavu wake wa kwanza. Na pale begani, kwa wale wa idara ya hesabu, ndipo nguruwe huweka akiba ya mafuta. Hata nguruwe aliyekonda kwa mawazo ana mafuta pale.

Madaraja yakaporomoka. Nguruwe wa nchi nzima, kwa mujibu wa kituo chetu, walikuwa wamenenepa ghafla. Mzee Mnofu alilaumu pumba. Alilaumu mashudu, alilaumu mvua, na siku moja alilaumu redio, kwamba wafugaji wanaiwasha bandani na wanyama hawatembei. Hakuna aliyethubutu kumuuliza swali lolote. Ukimuuliza swali alikupa jibu, kisha akakupa rula uipime akili yako.

Aliyeuliza ni daktari mpya wa mifugo, mama mtaratibu mwenye miwani, aliyekuja kuchukua nafasi ya daktari aliyehamishwa. Alisimama nyuma ya Mzee akamtazama akichoma mizoga kadhaa. Halafu akasema kwa adabu zote, "Mzee, samahani, mbona unachomea begani?" Mzee akamjibu kwamba huo ndio ubavu wa mwisho, kama angependa kuhesabu naye. Daktari hakuhesabu. Aliuliza jambo moja tu: "Huyu nguruwe akisimama, mwisho wake uko wapi?"

Reli iliendelea kusogea. Mizoga ikapita, mmoja, wa pili, wa tatu, bila mtu kutamka daraja, na mimi nimeushika muhuri hewani. Mzee Mnofu aliinamisha kichwa pembeni, kisha akakiinamisha zaidi, mpaka kofia ikaanguka. Nilimwona akihesabu upya, midomo ikicheza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Siku hiyo niliuona ukiingia.

Kwa kweli nilitegemea abishe. Nilikuwa nimeshajiandaa kufurahi. Lakini aliweka bastola mezani, akamwambia daktari, "Umenisaidia," akaenda chooni na kukaa huko muda mrefu.

Uongozi wetu mpendwa, ambao husoma jarida hili kabla yenu, uliitisha kikao na kufikia uamuzi wa busara sana: tangu siku hiyo bastola ichomwe mahali pake, na hayo mengine yasizungumzwe. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni msemo mzuri, na huwa unasemwa zaidi na watu ambao ndwele haikuwapata wao.

Mzee Mnofu alitii siku mbili. Siku ya tatu alisimama kwenye geti la kupokelea wanyama, kofia mkononi, na kila mfugaji aliyeteremka kwenye gari alimsikia akisema, "Tangu bastola ije mpaka juzi nilikuwa nachoma pabaya. Madaraja yako hayakuwa sahihi. Kosa ni langu." Wengine walimtukana, na walikuwa na haki. Mmoja alimkumbatia, nadhani kwa mshtuko. Mkuu wa kituo alimwita ofisini mara mbili, naye alikwenda mara mbili na kurudi getini mara mbili. Wafugaji walipojaa kwenye korido, uongozi ukagundua kwamba ulikuwa umepanga tangu zamani kuwafidia, ila ulikuwa unatafuta tu nafasi ya kuwaambia.

Wafugaji wote aliweza kuwakabili. Alibaki mmoja.

Wiki ikapita, ikapita nyingine. Chai ya saa nne akawa anainywa amesimama. Hakusema tena habari ya haki kutokuwa na mtoto. Mwisho akanifuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaniambia, "Dada, Jumapili twende kwa mwanangu." Nikamuuliza mimi naenda kufanya nini. Akasema, "Muhuri ulikuwa wako." Huyu ndiye mtu mnayemuaga kwa keki.

Tulikwenda. Njia nzima alikuwa anasogeza midomo, na nilipomwambia asalimie kwanza ndipo aseme, alijibu kwamba hajazaliwa jana. Binti alitufungulia. Shikamoo baba, marahaba, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, karibuni. Sebuleni kulikuwa na cherehani na rundo la sare za shule. Nguruwe aliachana nao baada ya wale wanane. Siku hizi anashona. Dirisha la nyuma lilitazama mabanda. Yalikuwa yamefagiwa, matupu, na moja lilikuwa limejazwa kuni. Mzee alisimama dirishani akayatazama, na maneno yote aliyokuja nayo yakamtoroka. Aliomba maji. Akapewa. Akanywa yote, akashika bilauri tupu kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alisema, "wale nguruwe wako. Nilichoma pabaya. Nilikuaibisha mbele za watu, na aliyekuwa hajui kitu pale ni mimi."

Binti alikuwa ameshasikia. Habari za getini zilikwisha kufika kila mahali. Lakini kusikia kwa watu si sawa na kuambiwa na baba yako. Aliacha mkasi. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeuliza matokeo ya mtihani, "Kwa hiyo walikuwa daraja la kwanza?"

Ndugu zangu, hapo ndipo palikuwa mahali. Wale nguruwe walishaliwa zamani. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kwenda kuhakikisha. Baba yeyote, hata mbaya kabisa, angesema ndiyo. Mimi nilikuwa tayari kusema ndiyo kwa niaba yake. Nilimkanyaga mguu.

Mzee Mnofu alifikiri, akiwarudisha wale wanane kichwani mmoja mmoja. Mnajua anavyofikiri. Akasema, "La pili."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, binti alikuwa amejiziba mdomo, mabega yanatikisika, na nikadhani tumemaliza, amelia, twende zetu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baadaye machozi yakaendelea yenyewe bila kicheko. Akasema, "Baba, hata ukiomba radhi huweki mafuta." Kisha akaja akamshika mabega, na Mzee, ambaye hajui la kufanya na mikono yake ikiwa haina rula, akabaki ameshika ile bilauri. Nikatoka nje kuangalia mabanda. Hakukuwa na kitu cha kuangalia, lakini niliangalia kwa bidii.

Nilimuuliza tulipokuwa tunarudi kwa nini hakusema la kwanza. Akaniambia binti angejuaje basi kwamba ile radhi nayo si ya uongo. Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile na bado linaniudhi.

Tangu hapo binti hupiga simu na kuzungumza na yeyote atakayepokea. Mwezi uliopita alizitoa kuni bandani na kununua nguruwe jike wawili, warefu wa mgongo. Ametangaza kwamba anahitaji mtu wa kumwelekeza kulisha kwa ajili ya mnofu, awe mzoefu, asibishane na mwenye mradi, na afike asubuhi. Aliyeomba nafasi hiyo ni mmoja. Ataanza Jumatatu baada ya sherehe yetu.

Mzee Mnofu, umetuchosha. Umetufanya tuogope kula mbele yako, umetukosolea keki zetu, na umenifanya nigonge daraja la tatu kwenye mabega ya nguruwe wasio na hatia. Asante kwa uaminifu wako, hata pale ulipokuwa unauchomea mahali pabaya. Nitakukosa sana, na hili nalisema bila kejeli. Litazame vizuri, halitarudi tena. Uende salama, uwe na afya na siku nyingi, na Mungu akupe subira kwa mwajiri wako mpya. Tumesikia ni mkali, hana mchezo, na hapandishi mtu cheo kwa kuwa ni ndugu yake. Sote tunajua alikoutoa ukali huo.